Hekalu, Piramidi au Mzimu? Tunavyowalinganisha Waazteki na Wainka

Katika zoezi la somo la tafsiri na uhakiki muhula uliopita, tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili kifungu kifupi kuhusu majengo ya ibada ya Waazteki wa Meksiko na Wainka wa Peru. Walitakiwa wakitafsiri, kisha waandike ukurasa mmoja wa kulinganisha na kulinganua. Tulipokuwa tukisahihisha tulishangazwa na jinsi karatasi zilivyofanana. Karibu kila mwanafunzi aliandika kwamba Waazteki walijenga piramidi ndefu na kumwaga damu juu yake, ilhali Wainka walikuwa mafundi wastaarabu waliounganisha mawe bila saruji na kuyapamba kwa dhahabu. Tulitaka kuwalaumu kwa kunakiliana. Ndipo tulipofungua mwongozo wetu wa kusahihishia, tuliouandaa wenyewe, tukakuta unasema yaleyale.

Makala haya, basi, ni ya kuusahihisha mwongozo huo kabla ya kuwasahihisha wanafunzi. Tunashikilia kwamba ule ulinganishi uliozoeleka, wa damu upande mmoja na ufundi upande mwingine, kwa sehemu kubwa haukuletwa na wajenzi. Umeletwa na kile ambacho washindi wao, Wahispania, walikibomoa, walichokichukua na walichochagua kukiandika.

Kwanza tuondoe makosa mawili ya kawaida. Piramidi kubwa za Teotihuacan, ambazo picha zake hujaa katika vitabu vya shule, si za Waazteki. Mji huo ulikuwa umeachwa karne kadhaa kabla yao. Wao waliukuta magofu, wakaupa jina la Kinahuatl na kwenda kuhiji huko. Vivyo hivyo, mji wa Tiwanaku karibu na ziwa Titicaca ni wa kale kuliko dola ya Wainka. Mwanafunzi anayetaka kuwahakiki Waazteki na aanzie Tenochtitlan, na anayetaka kuwahakiki Wainka aanzie Cusco.

Tenochtitlan ulikuwa mji wa kisiwani, katika ziwa Texcoco, na kwa mujibu wa mapokeo ulianzishwa mwaka 1325. Katikati yake palisimama jengo kuu la ibada ambalo Wahispania waliliita Templo Mayor. Wenyewe waliliita Huey Teocalli. Neno hili ni zuri kwa somo la mofolojia: teotl ni mungu, calli ni nyumba, huey ni kubwa. Ni nyumba kuu ya mungu, na kwa kweli ilikuwa nyumba mbili, kwa kuwa juu ya kitako kimoja kirefu palikuwa na vyumba viwili vya ibada na ngazi mbili zilizopanda sambamba zikielekea magharibi. Upande wa kaskazini alikaa Tlaloc, mungu wa mvua, na upande wa kusini Huitzilopochtli, mungu wa vita na jua. Mvua na vita, kilimo na kodi za nchi zilizotekwa: uchumi mzima wa dola ulikuwa umepangwa juu ya ngazi zile.

Jambo linalotuvutia zaidi ni namna lilivyokua. Tangu kuanzishwa kwa mji hadi kuanguka kwake mwaka 1521 hapakupita hata miaka 200, lakini jengo lilifunikwa kwa jengo jipya mara baada ya mara. Wanaakiolojia wanahesabu awamu kuu saba. Hawakubomoa la zamani ili wajenge jipya, bali walilivika, kama kitunguu kinavyovikwa maganda. Kila mfalme alitaka awamu yake iwe kubwa kuliko ya aliyemtangulia. Hata hivyo hatudhani kwamba majivuno peke yake yanatosha kulieleza jambo hili, kwani ardhi ya ziwani ni tope, na jengo lilikuwa likididimia kwa uzito wake. Mafundi walipigilia nguzo za miti chini na kutumia jiwe jepesi la volkano liitwalo tezontle, lakini bado lilizama. Kupandisha jengo lilikuwa pia jibu kwa jengo linaloshuka.

Mtawa wa Kihispania Motolinía aliandika kwamba sikukuu moja iliangukia wakati ambapo mchana na usiku hulingana, jua likichomoza katikati ya jengo, na kwamba kwa kuwa jengo lilikuwa limepinda kidogo, mfalme Moctezuma alitaka libomolewe linyooshwe. Tunapenda habari hii. Inamwonyesha mtawala aliyesumbuliwa na kosa la kipimo, jambo ambalo hatukuzoea kulihusisha na Waazteki.

Mnamo tarehe 21 Februari 1978 mafundi wa umeme waliokuwa wakichimba katikati ya Mexico City waligonga jiwe lililochongwa. Lilikuwa bamba la mviringo lenye kipenyo cha zaidi ya mita 3, na juu yake mwanamke aliyekatwa kichwa, mikono na miguu. Huyo ni Coyolxauhqui. Kisa chenyewe ni hiki: Coatlicue, mama wa miungu, alishika mimba akiwa juu ya Coatepec. Binti yake Coyolxauhqui akawachochea ndugu zake wamuue mama yao. Mara Huitzilopochtli akazaliwa na silaha zake mkononi, akamkata dada yake na kumbwaga chini ya mlima. Sasa tazama jina Coatepec: coatl ni nyoka, tepetl ni mlima, na ile -c ya mwisho ni kiambishi cha mahali, kinachofanya kazi kama -ni yetu katika "mlimani". Uchimbaji ulioongozwa na Eduardo Matos Moctezuma ulionyesha kwamba jiwe lililazwa chini ya ngazi za Huitzilopochtli, na kwamba ngazi zimepambwa kwa vichwa vya nyoka. Jengo lilikuwa ni mlima wa nyoka wenyewe. Aliyeuawa juu kisha akabwagwa kwenye ngazi aliangukia pale alipoangukia Coyolxauhqui.

Kwa lugha ya darasani tungesema hili ni jengo la kitamthilia. Lina jukwaa, lina wahusika, lina kisa chenye kilele, na kisa hurudiwa mbele ya hadhira. Fani na maudhui haviachani. Ngazi zina mwinuko mkali kwa sababu kisa kinahitaji anguko. Hatuna haja ya kukipenda kisa ili tukiri kwamba kimetungwa kwa umahiri.

Tuhamie Peru. Cusco uko juu ya milima ya Andes, mita 3,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na milima mirefu zaidi inauzunguka. Hapa hapakuwa na haja ya kujenga mlima. Nyumba kuu ya ibada iliitwa Coricancha, kwa Kikechua quri ni dhahabu na kancha ni ua, yaani uwanja uliozungushiwa ukuta na vyumba vikiutazama. Mtu wa pwani yetu anaijua nyumba ya namna hiyo bila kuelezwa. Garcilaso de la Vega, aliyezaliwa Cusco mwaka 1539 na mama wa ukoo wa Wainka, anavitaja vyumba vya Jua, Mwezi, nyota, radi na upinde wa mvua. Hakuna kupanda. Mtu aliingia kutoka ua hadi chumba, na kuta zenyewe ziliinamia ndani kidogo, milango na vishubaka vikiwa vipana chini na vyembamba juu.

Ukuta wa Kiinka ndio uliosifiwa kupita kiasi na kueleweka kidogo. Wapo wanaosema hadi leo kwamba hakuna ajuaye ulivyojengwa, na wengine wanaleta habari za viumbe kutoka sayari nyingine, upuuzi ambao tuliukuta hata katika karatasi mbili za wanafunzi wetu. Katika miaka ya 1980 msanifu majengo Jean-Pierre Protzen alikwenda kwenye machimbo ya Wainka, akaokota mawe magumu ya mtoni na kuyatumia kama nyundo, akachonga jiwe la ujenzi mwenyewe. Inawezekana. Inahitaji mikono mingi, subira, na kulijaribisha jiwe juu ya jiwe mpaka likae. Dola iliyokusanya kodi kwa njia ya kazi ilikuwa na mikono hiyo.

Sacsayhuamán, juu ya Cusco, hutajwa kwa ukubwa wa mawe yake, ambayo baadhi yana uzito wa zaidi ya tani 100. Wahispania waliiita ngome, ingawa Cieza de León, mwandishi wa karne ya 16, anaihusisha na nyumba ya Jua. Kwetu sisi ukubwa ndio sifa yake ndogo kabisa. Mhakiki na aende Ollantaytambo. Pale juu ya kilima pamesimama mawe sita makubwa ya rangi ya waridi, na kati ya jiwe na jiwe pamepachikwa kijiwe chembamba kirefu, kama kituo kati ya vipande vya mshororo. Machimbo yake yako ng'ambo ya mto Urubamba, mwendo wa kilomita 4 hivi, na mengine hayakufika, yamelala njiani na wenyeji huyaita mawe yaliyochoka. Jengo halikukamilika. Katika Amerika yote ya kale hatujui ukuta unaotupendeza kuliko huo.

Tulipomwonyesha mwenzetu wa fasihi picha yake alisema hiyo ni arudhi tupu. Tuliipokea tashibihi hiyo, maana ukuta wa Kiinka hausimulii kisa, hauna sura ya mungu wala nyoka, na uzuri wake wote umo katika kipimo na kiungo. Lakini tusiende nayo mbali. Ukuta ulikuwa mtupu, chumba hakikuwa kitupu. Coricancha ilijaa sanamu, vyombo na nguo, na waandishi wa kale wanasimulia bustani ambayo mihindi yake ilifuliwa kwa dhahabu. Anayesema kwamba Wainka walikataa mapambo anauhakiki mkufu kwa kutazama uzi wake.

Aidha, kuna majengo mawili yanayouharibu ulinganishi wowote ulio nadhifu. La kwanza ni la Malinalco, kusini-magharibi ya Mexico City, ambako Waazteki walianza mwaka 1501 kuchonga nyumba ya ibada ndani ya mwamba hai. Mtu huingia kupitia kinywa cha nyoka na kukuta tai na chui wa Amerika wamechongwa katika mwamba uleule wa sakafu na ukuta. Kama mwamba mtakatifu ni alama ya Wainka, hawa wanafanya nini humo? La pili liko Vilcashuamán, Peru. Ni jukwaa la matabaka lenye ngazi upande mmoja, na juu yake kiti cha jiwe cha watu wawili. Jukwaa la namna hiyo Wainka waliliita ushnu. Ukilipiga picha kwa karibu na kuficha milima iliyo nyuma, mwanafunzi yeyote atakuandikia kwamba ni la Kiazteki.

Sasa tuzungumzie damu, kwa kuwa ndipo mwongozo wetu ulipokosea vibaya zaidi. Hatutaki kuwasafisha Waazteki. Wanaakiolojia walianza kuuchimbua mnara wa mafuvu karibu na Templo Mayor mwaka 2015, na kufikia mwaka 2020 walikuwa wamehesabu mafuvu zaidi ya 600, yakiwemo ya wanawake na watoto. Hilo halibishaniwi. Kinachobishaniwa ni hesabu kama ile ya watu zaidi ya 80,000 wanaodaiwa kuchinjwa katika siku chache za uzinduzi wa mwaka 1487. Hesabu hiyo imo katika maandishi ya wakati wa ukoloni, na wataalamu wengi wanaiona haiwezekani. Dola iliyoteka nchi kwa upanga ilikuwa na sababu ya kuukuza ukatili wa aliyeshindwa.

Na Wainka je? Mwezi Machi 1999, juu ya mlima Llullaillaco mpakani mwa Argentina na Chile, katika kimo cha zaidi ya mita 6,700, walipatikana watoto watatu waliohifadhiwa na baridi kwa takriban miaka 500. Walikuwa wametolewa kafara katika ibada iitwayo capacocha, wakiwa wamevalishwa vizuri na kuwekewa vinyago vya dhahabu, fedha na kombe. Jengo lao la ibada lilikuwa jukwaa dogo la mawe yasiyochongwa. Ukilipima kwa usanifu si kitu. Lakini ni kazi ileile ya Ollantaytambo, dola ileile na imani ileile, na lilijengwa mahali ambapo sisi hatungeweza kubeba hata ndoo ya maji. Damu ya Waazteki ilimwagwa katikati ya mji mbele ya macho, kwa hiyo iliandikwa. Kafara za Wainka zilipandishwa mahali ambapo askari wa Kihispania hakufika. Tumekuwa tukiita ustaarabu kile ambacho ni umbali tu.

Halikadhalika ule usafi wa kuta za Cusco. Mwaka 1533 mabamba ya dhahabu, 700 hivi kwa hesabu ya waandishi wa wakati ule, yalibanduliwa katika Coricancha kulipia fidia ya mfalme Atahualpa, ambaye aliuawa hata hivyo. Nyasi za paa zilioza, nguo zilichukuliwa au kuchomwa. Kilichobaki ni jiwe. Kisha juu ya kuta hizo watawa wa Kidominiko walijenga kanisa la Santo Domingo. Tetemeko la tarehe 21 Mei 1950 liliharibu sehemu kubwa ya kanisa, kuta za Wainka zikabaki zimesimama na nyingine zikafichuka. Tunakiri kwamba tulipokuwa vijana habari hiyo ilitufurahisha mno, kana kwamba mawe yamelipa kisasi.

Kule Meksiko mambo yalikwenda kinyume. Nje ya Huey Teocalli palikuwa na lipu na rangi, nyekundu kwa Huitzilopochtli na buluu kwa Tlaloc, na vyote viling'olewa pamoja na mawe yaliyokwenda kujengea mji wa wakoloni. Kanisa kuu lilianza kujengwa karibu na hapo mwaka 1573. Awamu ya saba, ile iliyoonekana na Wahispania, imebakiza kidogo tu. Kilichohifadhika ni awamu za ndani, hasa ya pili, pamoja na jiwe la kuchinjia mbele ya mlango wa Huitzilopochtli, kwa sababu Waazteki wenyewe walikuwa wameshazifukia. Kwa maneno mengine, Waazteki tunawahakiki kwa rasimu zao za awali, na Wainka tunawahakiki kwa kiunzi kilichovuliwa nguo. Hakuna mhakiki wa riwaya ambaye angekubali masharti hayo bila angalau kuyataja mwanzoni.

Limebaki suala la msamiati, ambalo ndilo la idara hii. Wanafunzi walitumia "piramidi" kwa jengo la Tenochtitlan. Hatukulikata, lakini neno hilo humpeleka msomaji Misri na makaburini, na Huey Teocalli halikuwa kaburi la kujengea mwisho wa mfalme. "Hekalu" linatosha huko, na kwa Coricancha pia. Tatizo ni neno la Kikechua wak'a, ambalo Wahispania waliliandika huaca. Padri Bernabé Cobo, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1653, ameorodhesha huaca zaidi ya 300 kuzunguka Cusco, zilizopangwa katika mistari 41 inayotoka Coricancha. Nyingine ni nyumba. Nyingi ni chemchemi, jabali, pango, kilima, au jiwe tu la njiani. Ukiandika "mahekalu zaidi ya 300" umepotosha kila kitu, na hapo ndipo tofauti ya kweli kati ya mataifa haya mawili inapojificha: kwa Wainka hekalu kuu lilikuwa kitovu cha mistari, na utakatifu wenyewe ulitawanyika nchi nzima.

Tulipendekeza "mzimu", kwa maana yake ya pwani, yaani mahali pa kutambikia, penye mbuyu au pango, ambapo watu hupeleka ubani na chakula. Darasa lilicheka. Kwa wanafunzi wetu wengi mzimu ni kivuli cha marehemu kinachotisha watu usiku, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikiwa mezani bado walitutazama kwa huruma. Mwanafunzi mmoja kutoka Masaka alisema kwao wangesema ssabo, lakini akajijibu mwenyewe kwamba ssabo ina paa, na jiwe la njiani halina. Mwingine akapendekeza tuache huaca na tuiandike "waka". Akakumbushwa kwamba tayari tuna kitenzi "waka", na kwamba "waka za Cusco" zitasomeka kama moto.

Katika mwongozo mpya tumeandika "mzimu (mahali)" kwa huaca, "hekalu" kwa teocalli, na ushnu tumeliacha kama lilivyo. Neno "mauaji", ambalo wengi walilitumia kwa Waazteki huku wakiandika "kafara" kwa Wainka, limefutwa pande zote mbili na mahali pake pamewekwa "kafara". Alama zilizokatwa kwa wale walioandika kinyume cha mwongozo wa zamani zitarudishwa. Mwanafunzi wa Masaka ameombwa aandike ukurasa kuhusu ssabo kwa toleo lijalo, naye amekubali, kwa sharti kwamba tusiubadilishe kichwa.